Ripoti ya ukungu wa viazi: mtafiti na mkulima hawasomi sawa

Ndugu, umeuliza kama ripoti uliyowaandikia watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, inafaa kusomewa wakulima wa viazi wa Umalila vilevile ilivyo. Haifai. Mtafiti anatafuta jina la kisababishi cha ugonjwa (Phytophthora infestans), mbinu na idadi ya sampuli. Kwa mkulima, anza na anachokiona shambani: baka jeusi kwenye jani, na utando mweupe upande wa chini asubuhi yenye umande.

Vipimo ndipo wengi wanapoharibu. Lebo ya dawa ikisema gramu 2.5 kwa lita ya maji, mkulima atakadiria kwa kizibo, na dawa hafifu haizuii ukungu. Mwandikie “gramu 40 kwa bomba la lita 16”.

Ila neno “huenda” usilifute kwa kisingizio cha kurahisisha. Mkulima naye anastahili kujua kisichothibitishwa.