Kuchangishana kwenda kupima kama dunia ni bapa: fedha ziende wapi

Mkuu, umeuliza kama tunaweza kuchangishana tupeleke watu wanne Antaktika, wawili wanaoamini dunia ni bapa na wawili wanaoamini ni tufe, wakaone jua lisilotua ili ubishi uishe. Inawezekana, na imeshafanyika. Desemba 2024 mchungaji Will Duffy wa Colorado, Marekani, aliwakutanisha watu wa pande zote mbili Union Glacier, karibu nyuzi 80 kusini, wakiruka kutoka Punta Arenas, Chile. Jua lilizunguka saa 24 bila kuzama. Kwa tarehe ile, pale hushuka hadi nyuzi 13 hivi juu ya upeo na kupanda hadi 33. Kwenye ramani ya bapa kusini ni ukingo wa duara, kwa hiyo jua hilo halina mahali pa kukaa. Jeran Campanella, mtetezi wa bapa wa miaka mingi, alikiri mbele ya kamera kwamba kwa hilo alikosea. Lakini gharama ilizidi dola 30,000 kwa kila mtu, na wenzake wengi waliobaki nyumbani walidai picha ni za kutengeneza. Safari ya namna hiyo huwaridhisha waliokwenda.

Ushauri wangu: mchango ununue kipimo ambacho kila aliyechanga anaweza kukirudia uani kwake. Nacho ni kivuli cha adhuhuri.

Hapa ndipo wengi hukosea. Vituo viwili vya kupimia havitoshi. Kivuli cha Dar kikitofautiana na cha Nairobi, mtu wa bapa atasema jua liko karibu, kimo cha kilomita elfu sita hivi, na hesabu itamkubalia. Inabidi kituo cha kwanza kitoe kimo cha hilo jua la karibu, kisha vituo vya mbali viulizwe kama wanakiona kimo hichohicho.

Chukua siku mchana na usiku vinapolingana, jua likiwa juu ya ikweta, na fimbo ya mita 1 iliyosimama wima. Dar es Salaam (nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta) kivuli kifupi kabisa ni sm 12 hivi. Kwa dunia bapa, hiyo inaliweka jua kimo cha km 6,330. Kwa kimo hicho Harare ingepata sm 31.3. Tufe inatabiri 32.2. Tofauti haifiki sentimita moja, inamezwa na makosa ya kupima. Mkizunguka Afrika Mashariki na jirani zake tu, mtarudi na ubishi uleule na fedha zimeisha. Johannesburg tofauti ni sm 3. Cape Town bapa inatabiri 59.5, tufe 67. London bapa inatabiri 90, tufe karibu 126! Sentimita 36 hazihitaji mtaalamu. Kwa hiyo tiketi ni za Cape Town, watu wawili, mmoja kila upande. London wapo Waswahili wenzetu, na Muscat pia. Hao watumiwe vifaa tu. Muscat tofauti ni sm 2, inasaidia kwa kuwa iko upande wa kaskazini, lakini msiitegemee peke yake.

Vifaa vya kila kituo: bomba la chuma la mraba la mita 1, timazi, pima maji, ubao bapa wa mita 1.5, karatasi nyeupe, futi ya chuma. Juu ya bomba funga bati lililolala, lenye tundu la milimita 5, na mpime katikati ya doa la nuru. Msipime ncha ya kivuli. Jua lina upana wa nusu nyuzi, hivyo kingo za kivuli hufifia, na London mfifio huo unafika sm 2. Urefu uhesabiwe kutoka chini ya tundu, pale timazi inapogusa ubao, hadi katikati ya doa. Ubao ukiinama nyuzi 1 tu, London mtakosea karibu sm 3.

Msiamini saa ya ukutani kwa adhuhuri. Mwezi Septemba Dar jua huwa juu kabisa karibu saa 6 na robo, London karibu saa 7 kasoro dakika 7 kwa saa zao za kiangazi. Anzeni nusu saa kabla, tieni alama kila dakika 2, endeleeni nusu saa baada. Kilicho kifupi kuliko vyote ndicho jibu. Chagueni Septemba, maana Machi masika yanakaribia na mawingu ya Dar yatawavunja moyo. Vituo vyote vipime siku moja, na siku mbili zaidi za akiba. Jua husogea karibu nyuzi 0.4 kwa siku, na kwa Dar hiyo ni milimita 7, inayotosha kuharibu kimo chote cha kuanzia.

Bahari na maziwa yaacheni. Kuangalia Unguja kwa darubini kunavutia, lakini hewa juu ya maji hupinda nuru. Mwaka 1838 Rowbotham, mtetezi wa bapa, alitazama mashua kwenye mfereji wa Old Bedford, Uingereza, jicho likiwa sm 20 tu juu ya maji, akaiona yote hadi umbali wa kilomita 9.7, akatangaza ushindi. Mwanasayansi Wallace alirudia pale mwaka 1870 kwa kuinua alama kama mita 4 juu ya maji, na ile ya katikati ikaonekana juu zaidi, karibu mita 1.5.

Ila kisa cha Wallace kinafundisha zaidi kuhusu fedha. Yeye na Hampden, mtetezi wa bapa, waliweka dau la pauni 500 kila mmoja juu ya kipimo hicho. Msimamizi akampa Wallace ushindi, Hampden akakataa, akamwandama kwa miaka, na mwaka 1876 mahakama ikaamua dau ni batili na fedha zirudishwe. Kwa hiyo msiweke dau. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, pande zote zitie saini karatasi moja: namba za utabiri za kila kituo, kosa linalokubalika (mimi ningeweka sm 3 London, sm 2 Cape Town), nani anapima, na sentensi ambayo kila mmoja ataisema hadharani namba zikimkataa. Asiyetaka kuisaini asipande ndege.

Akaunti iwe ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja wa bapa. Risiti ziwekwe hapa kila wiki. Tangazeni tarehe ya mwisho, na kwamba lengo lisipofikiwa kila mtu anarudishiwa chake. Tengeni asilimia 15 ya akiba kwa kubadilisha tiketi mawingu yakifunga Cape Town. Alama zote za kalamu, hata zilizoharibika, zipigwe picha na kupandishwa jioni ileile kabla vituo havijaambiana matokeo.