Seli za plazma nyingi kwenye kinyama cha utumbo: si saratani

Dada, pole na mdogo wako. Umeuliza kama "seli za plazma nyingi chini ya utando" kwenye majibu yake ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa utumboni kupimwa) maana yake ni saratani. Hapana, maneno hayo peke yake hayasemi saratani.

Seli za plazma ni seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) zilizokomaa, kazi yake kutengeneza kingamwili. Sote tunazo utumboni, na nyingi hutoa IgA, aina ya kingamwili inayozuia bakteria bila kuleta uvimbe (yaani utumbo kuvimba na kuwaka, si uvimbe wa saratani). Kwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, zile zinazotoa IgG, aina nyingine ya kingamwili, huongezeka sana. IgG ikishika bakteria inaamsha makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), na uvimbe hauishi. Zikionekana zimejaa hadi chini kabisa ya vitezi (vijishimo vidogo vya ukuta wa utumbo), mtaalamu anaanza kufikiria ugonjwa wa kudumu kuliko kuhara kwa vijidudu kwa siku chache.

Lakini nyie mko Ujiji, ziwani kabisa! Kichocho cha tumbo na amiba navyo huleta choo chenye damu. Kabla hajaanza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe huo, ulizeni wazi: choo kimepimwa amiba na mayai ya kichocho? Steroidi juu ya amiba inaweza kumfikisha mtu kwenye kutoboka utumbo. Hapo msione aibu kumsumbua daktari, hata foleni iwe ndefu.

Kama ameshaanza vidonge, asiviache ghafla. Rudini kwa aliyeviandika, na mbebe karatasi yote ya majibu, maana picha uliyoweka hapa imekata nusu ya chini.