Bata bukini wenye viatu na kaburi la mguu: maswali yenu kuhusu Ceredigion

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba kuna kaunti ya mashambani huko Wales ambako zamani bata bukini walivishwa viatu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingine za kuuliza, nyingine za kuniita mwongo kwa adabu. Kaunti yenyewe ni Ceredigion, magharibi ya Wales, iliyobanwa kati ya milima na Ghuba ya Cardigan. Haya, tuanze.

Shikamoo mwalimu. Bata na viatu? Si ulikuwa unatutania? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Sikuwa natania hata kidogo. Kabla ya reli, utajiri wa Ceredigion ulikuwa mifugo, na wanunuzi wenye fedha walikuwa England, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Basi wakawepo watu ambao kazi yao ilikuwa kuswaga: ng'ombe weusi, kondoo, nguruwe, na hao bata, kutoka miji kama Tregaron, kuivuka milima ya Cambria, hadi kwenye masoko ya London na vitongoji vyake. Mguu wa bata haustahimili kokoto kwa safari kama hiyo. Kwa hiyo waliwapitisha bata kwenye lami laini, kisha kwenye mchanga. Lami ikikauka, bata keshapata soli.

Ng'ombe walipigiliwa chuma hasa. Kwato ya ng'ombe imepasuka katikati, hivyo kila mguu ulihitaji vyuma viwili, ng'ombe mmoja vyuma vinane. Farasi ukimwinua mguu husimama ametulia, lakini ng'ombe hana ustaarabu huo. Ilibidi afungwe kamba, aangushwe chini, ndipo fundi agonge misumari. Sasa piga hesabu ya kundi la ng'ombe mia moja.

Wala si kila mtu aliruhusiwa kuswaga. Sheria ya karne ya 16 ilitaka leseni, na mwombaji awe ameoa, ana nyumba yake, na ametimiza miaka 30. Mantiki yake naielewa: mwenye mke na nyumba atarudi na fedha za watu. Msafara ulipokaribia shamba, waswagaji walipaza sauti, “Heiptro ho!”, ili mwenye shamba awafungie ng'ombe wake ndani, wasije wakajichanganya na wa safari wakaishia London.

Mbwa wao alikuwa kogi wa Cardigan, aliyepewa jina la hapohapo, maana Cardigan ni Ceredigion kwa matamshi ya Kiingereza. Ana miguu mifupi kama ya kiti cha mbuzi. Humng'ata ng'ombe kisigino, na teke linapokuja, linampita juu. Wale wa Malkia Elizabeth mliokuwa mkiwaona kwenye picha ni binamu zao wa Pembroke. Wa Cardigan ana mkia mrefu. Reli ilipoingia miaka ya 1860, ng'ombe wakapanda behewa na kazi ikafa.

Fedha za mauzo walizirudishaje bila kuporwa? (Nakuru)

Wapo walioporwa. Ndiyo maana benki ziliota kwenye njia za mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 19, benki ya Aberystwyth na Tregaron ilitoa noti zenye picha ya kondoo mweusi: noti ya pauni moja kondoo mmoja, ya pauni mbili kondoo wawili, ya shilingi kumi mwanakondoo. Hata asiyejua kusoma hakupunjwa. Benki hiyo haikudumu. Iliyodumu ni ile ya mjini Llandovery, kaunti ya jirani, iliyoanzishwa mwaka 1799 ikiwa na nembo ya ng'ombe mweusi, na ikaja kununuliwa na Lloyds mwaka 1909.

Nasikia Wawelisi wenzao huwacheka watu wa Ceredigion kwa ubahili. Ni kweli? (Zanzibar)

Kweli kabisa. Huitwa “Cardi”, na mizaha yake haina mwisho. Ardhi yao ni ya mawe na mvua. Ukiishi hapo lazima ujifunze kuhesabu. Lakini tazama jengo lililo ufukweni Aberystwyth. Tajiri wa reli, Thomas Savin, alilijenga liwe hoteli ya watalii, akafilisika kabla mambo hayajachanganya. Likanunuliwa kwa pauni 10,000, na mwaka 1872 kikafunguliwa humo chuo kikuu, kwa wanafunzi 26. Kwa miaka ya mwanzo serikali haikutoa kitu. Makanisa yalipitisha sahani, na wakulima na wachimba makaa, si wa Ceredigion peke yao bali wa Wales nzima, wakatoa vijisenti vyao. Ubahili wa namna hiyo nautamani hata kwetu.

Mbona historia yako ni ya wanaume na ng'ombe tu? (Msomaji wa kike, Tanga)

Umenishika, dada. Basi mpokee Sarah Jane Rees, binti wa nahodha, aliyezaliwa mwaka 1839 karibu na kijiji cha Llangrannog. Walimpeleka akajifunze ushonaji, akaukataa, akapanda jahazi na baba yake. Alisomea ubaharia, akarudi kijijini kufungua darasa, na wanaume waliotaka kuwa manahodha wakaketi mbele yake kufundishwa kusoma nyota na ramani.

Alikuwa pia malenga, kwa jina la Cranogwen. Wawelisi wana shindano la ushairi na muziki liitwalo eisteddfod. La mwanzo linalokumbukwa lilifanyika katika ngome ya mji wa Cardigan mwaka 1176, chini ya mtawala aliyeitwa Bwana Rhys, na zawadi ilikuwa kiti. Kwenye eisteddfod ya Aberystwyth mwaka 1865, Cranogwen aliwabwaga washairi wa kiume waliokuwa na majina makubwa, kwa shairi kuhusu pete ya ndoa. Mwenyewe hakuolewa. Sanamu yake ilisimamishwa Llangrannog mwaka 2023.

Kiwelisi bado kipo, au ni cha makumbusho? (Bujumbura)

Kipo. Sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 45.3 ya wakazi wa Ceredigion wanakizungumza, ingawa mwaka 2011 walikuwa asilimia 47.3. Tarehe 2 Februari 1963, kwenye baridi kali, vijana waliketi katikati ya daraja la Trefechan, Aberystwyth, wakazuia magari. Walichokuwa wakidai ni kwamba hati za kuitwa mahakamani ziandikwe pia kwa Kiwelisi.

Nikifika, nianzie wapi? (Doha)

Treni kutoka Birmingham hukufikisha Aberystwyth kwa muda wa saa tatu hivi. Kisha tafuta gari uende Ystrad Fflur, magofu ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 1164, ambako mwaka 1238 watawala wa Wales walikusanywa waape utii kwa mwana wa mtawala Llywelyn Mkuu. Kilichosimama ni tao la mlango na kuta fupi. Inama uangalie vigae vya sakafuni: kimoja kina mchoro wa bwana mmoja akijitazama kwenye kioo, mambo ya urembo ndani ya nyumba ya watawa!

Kisha ingia makaburi ya kanisa la jirani. Kuna mti mkubwa ambao inasemekana chini yake amezikwa Dafydd ap Gwilym, mshairi mkuu wa karne ya 14. Wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Wewe tafuta jiwe dogo la mwaka 1756, linalosema hapa umezikwa mguu wa kushoto, na sehemu ya paja, wa fundi mapipa Henry Hughes. Mguu tu. Mwenyewe, wenyeji husimulia, alikwenda kuishi Marekani na kuzikwa hukohuko.