Mita 180 zilizoninyima kazi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Shikamoo kaka, nimeitwa usaili wa ishara za reli, nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu, halafu kifua kikanibana. Usaili wangu wa kwanza bado unaniuma.

Nilipanda basi la alfajiri Mtwara, suti ya kuazima, vyeti kwenye bahasha ya kaki. Reli yetu ya Kusini, ile ya mradi wa karanga kati ya Mtwara na Nachingwea, ilifungwa 1962. Babu alinionyesha tuta lake kama mtu anayeonyesha kaburi, nami nikajiona nimeandikiwa reli. Mbele ya jopo, mzee mmoja akachora mstari kwenye karatasi, akaweka taa nyekundu, na behewa la mwisho hatua chache mbele ya taa.

"Treni yote imeshaipita taa hii. Mbona ya nyuma yake haijaruhusiwa bado kuja mpaka hapa?"

Nikajibu: "Ni sheria, mzee."

Mama aliyekaa pembeni akaziba mdomo kwa faili. Kazi sikupata.

Jibu lilikuwa ovalapu: kipande cha reli mbele ya taa nyekundu kinachotakiwa kiwe kitupu kabla taa iliyotangulia haijamruhusu dereva kuisogelea. Dereva akikosea hesabu ya breki, au reli ikiwa na utelezi, treni itapitiliza kidogo bila kumgonga mtu. Kama ndani ya kipande hicho kuna sehemu ya kubadilishia njia, nayo hufungwa isicheze. Uingereza, enzi za ishara za ubao unaopanda na kushuka kama mkono juu ya nguzo, waliacha kama mita 400; kwa taa, kipimo cha kawaida kikawa mita 180. Ikizidi urefu, treni zinapungua njiani. Ikifupishwa, dereva lazima apunguziwe mwendo mapema.

Mimi hayo yaliniingia akilini kwenye bodaboda, si darasani. Mvua, mteremko wa kuingia Mikindani, bajaji imesimama mbele. Nilikamata breki mahali pale pale ninapokamata siku zote. Gurudumu likapitiliza urefu wa mtu mzima, nikasimama matope yamenifika magotini. Nikakaa pale nikimwaza yule mzee na mstari wake.

Mwaka huu nimepita usaili mwingine, na swali lilikuja lile lile. Safari hii nilijibu mpaka wakaniambia inatosha.

Tangu SGR yetu, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria 2024, najua sote tunaitaka hiyo kazi. Lakini vijana wa Kusini tunakariri mno! Uliza kwa nini. Chora. Ukimaliza, uliza tena kwa nini. Na usijidanganye kwamba ovalapu ni ruhusa ya kupita nyekundu. Ladbroke Grove, London, 1999, treni iliipita nyekundu ikaendelea na mwendo, wakafa watu 31. Kipande kile ni cha kosa dogo tu.

Wakikuuliza ovalapu inaachiwa lini, mdogo wangu, sema hivi: treni ikishafika kwenye taa yake, saa ya mtambo huhesabu muda wa kutosha kuamini kwamba imesimama, ndipo kipande kinaachiwa. Hilo ndilo lililowanyamazisha kwangu.

Na wewe mzee, kama unasoma hapa, ile karatasi yako ninayo. Niliichukua mezani ulipoinama kuita jina linalofuata.