Picha ya ukuta wa soko imebanduka, turudie vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mpwapwa. Tulichora ukuta wa nje wa soko kwa rangi ya mafuta: simba, Mlima Kilimanjaro na maua mekundu. Masika mawili tu yamepita, huku chini rangi imevimba na kubanduka, na maua yamepauka kabisa. Tunataka kurudia. Tutumie rangi gani, na tuchore nini?
Kijana wa Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rangi msinunue kwanza. Kwangueni pale palipovimba. Mkikuta unga mweupe, hiyo ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka chini kupitia kwenye tofali, unaibeba chumvi, kisha maji yanakauka na chumvi inabaki nyuma ya rangi ikiisukuma. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu, ndiyo maana inatoka mapande mapande. Hapo hata mkiambiwa dukani mpake praima (rangi ya kutanguliza) ya bei kubwa, mtatupa hela.

Anzeni na maji. Chimbeni mfereji ili maji ya paa yasituame kwenye msingi. Bandueni lipu yote iliyooza hadi mwone tofali, fagieni chumvi kwa brashi kavu (mkiiosha kwa maji inarudi ndani), halafu pigeni lipu mpya yenye chokaa na muiache ikauke vizuri. Picha mchore kwa rangi ya maji. Kutoka chini hadi usawa wa goti msichore kitu, pakeni chokaa tupu, na kila mwaka mrudie.

Wekundu nao una jambo lake. Nawaomba sana, changeni nauli mfike Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani ya kule iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150. Mtaona watu warefu wembamba, twiga, pofu, vyote kwa rangi nyekundu. Michoro myeupe mingi ilikuja baadaye. Simameni karibu mtazame miguu ya wale watu, mstari mmoja mwembamba, na bado unasomeka. Wekundu ule umetokana na udongo wenye chuma, na chuma kilichokwisha kuwa kutu jua halikifanyi kitu. Tena mwamba umetokeza juu ya michoro, mvua haiipigi moja kwa moja. Nyekundu kali ya kopo mara nyingi hutengenezwa kwa kemikali ambazo jua huzivunja. Ninyi chukueni redi oksaidi, ule unga wa kuchanganya kwenye saruji ya sakafu, mkoroge ndani ya rangi nyeupe ya maji. Mkiweza, ongezeni na upenu juu ya ukuta.

Cha kuchora? Simba na Kilimanjaro vimejaa kwenye kuta za nchi nzima, na mimi vinanichosha. Mpwapwa ina ng'ombe wake, mbegu iliyozalishwa hapo hapo na kubeba jina la mji wenu, na watu wanampita kila siku bila kujua. Mchoreni, awe mkubwa. Pembeni wawekeni akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani. Rasimu ipelekeni kwanza kwa akina mama wauza mboga wanaokaa mbele ya ukuta huo, wawaambie ngoma inashikwaje, kisha kwa mtendaji wa kata mpate kibali cha maandishi.

Kazi muianze Juni, mvua ikiwa imekwisha na ukuta umekauka.