Mkeo hakuua hamu yako ya gemu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, ni baba wa watoto wawili, ninaishi Mwanga hapa Kigoma na nimeajiriwa katika duka la vipuri vya pikipiki. Tangu sekondari nilikuwa mpenzi mkubwa wa gemu za mpira. Mwaka 2006 tulikuwa tunashinda kwenye banda la gemu karibu na soko, shilingi 100 kwa mechi, mshindi anabaki na aliyefungwa anainuka. Machi 2024 nilijinunulia mashine ya gemu, PlayStation 5, kwa shilingi 1,450,000 za akiba yetu ya bati, nikitumaini furaha ile itarudi. Lakini kila nikikaa kucheza, mke wangu anakuja na maneno: mara ada, mara bati, mara mtoto anakohoa. Sasa nikiiwasha saa 4 usiku, nacheza mtandaoni na watu nisiowajua dakika kumi, naizima. Alipokwenda kwao Kasulu na watoto kwa wiki mbili, nilidhani nitacheza hadi asubuhi, lakini hata hapo sikuona ladha. Amenivuruga akili kiasi kwamba hata asipokuwepo siwezi kufurahi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi na biashara yake ya dagaa kusimama, aliwahi kushika pedi ya gemu akaniomba nimfundishe, nikacheka tu, maana najua hataweza. Furaha pekee iliyobaki ni kwenda uwanjani timu ya Mashujaa inapocheza. Nifanye nini ili aelewe kwamba mwanaume anahitaji kitu chake?
Baba Wawili, Mwanga

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kupoteza kitu ulichokipenda. Mtu asikuambie kwamba ni jambo dogo, kwa sababu aliyewahi kupenda mchezo anajua uchungu wa kukaa mbele yake na moyo usiitike. Pole hiyo inatosha, tuingie kwenye barua yako.

Mkeo hahusiki, na shahidi wangu ni wewe mwenyewe. Umekaa wiki mbili bila mke, bila mtoto, bila mtu wa kukuuliza ada wala bati, na bado mashine ukaizima. Badala ya kujiuliza kwa nini, ukaona ni heri kusema kwamba amekuvuruga hata akiwa Kasulu. Hayo ni maneno ya mchezaji anayefungwa akalaumu uwanja. Mwanamke aliyekuwa kwa mama yake hawezi kubeba kosa la kilichotokea sebuleni kwako Mwanga.

Kuna jambo jingine ambalo uliliandika kwa kutawanya tarehe, nami nimezikusanya. Ulitoa akiba ya bati mwezi Machi. Mei 15 mwaka huo huo Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi mpaka Agosti 15, miezi 3 mizima, ili samaki wapate kuzaliana. Hiyo ina maana kwamba mkeo aliingia katika miezi 3 isiyo na dagaa akiwa na nyumba isiyo na bati na akiba iliyokwisha kugeuka mashine chini ya televisheni. Unamwita mwanamke wa maneno. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimewaona kina mama wa dagaa pale Kibirizi: wanafika alfajiri mitumbwi ikirudi na taa zake, wananunua, wanaanika, wanageuza dagaa juani mgongo ukiwa umeinama, na jioni nguo zinanuka samaki hata zikifuliwa mara mbili. Mtu huyo akirudi nyumbani na kutaja ada, hajaja kukuharibia mchezo. Ada anayoitaja ni ya wanao.

Sasa niseme juu ya gemu yenyewe, kwa sababu swali lako ni la kweli hata kama uliyemshitaki siye. Nimeisoma barua yako mara tatu, na sehemu pekee ambayo mkono wako uliandika kwa raha ni ile ya banda. Nililikumbuka banda la aina hiyo nilipokuwa nampeleka mtoto wa kaka yangu: benchi moja la mbao limebeba watu saba, televisheni ya kichogo juu ya kreti la soda, pedi ambayo kitufe chake kimoja kimezama na lazima kibonyezwe kwa ukucha, na mwenye banda amesimama mlangoni akihesabu sarafu. Wakati ule mji wetu ulikuwa bado unategemea majenereta ya dizeli, umeme ulikatika mtu akiwa amebaki yeye na kipa, na kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Mchezo wa siku hizo ulikuwa na picha duni kuliko wa kwako leo. Mliupenda kwa sababu shilingi 100 ilikuwa ngumu kuipata, kwa sababu ukifungwa ulitakiwa kuinuka mbele ya wenzako, na kwa sababu wenzako walikuwepo.

Baba yangu na rika lake walicheza bao chini ya mwembe kila baada ya swala ya alasiri, kete 64 zilezile, mashimo yaleyale, mpaka wamezeeka. Sikumsikia hata mmoja akisema bao limeisha utamu. Bao halichezwi peke yako, mwanangu. Yupo wa kushindana naye, wapo wa kusimama pembeni wakikosoa kila kete, na kesho kuna mtu lazima alipize kisasi. Wewe umejifungia saa 4 usiku na mashine ya karibu shilingi milioni moja na nusu, unacheza na watu wa mbali wasiojua hata jina lako, kisha unashangaa kwamba moyo umekaa kimya. Kipya kinyemi, walisema wazee, na kinyemi chako kilidumu wiki chache tu kwa sababu kilikuwa cha upya wa kitu, hakikuwa cha mchezo.

Umri nao umefanya kazi yake, na si aibu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada walichapisha matokeo ya kuchunguza wachezaji 3,305 wa gemu ya vita ya kompyuta, StarCraft 2, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, wakaona kwamba kasi ya kuamua na kutenda huanza kushuka mtu akishapita miaka 24. Wewe una 38 na umesimama dukani mchana kutwa. Ukikutana na kijana wa miaka 17 katika gemu yako ya mpira, atakufunga, na kufungwa na mtu usiyemwona hakuna hata kicheko cha kukupoza. Lakini watafiti hao hao waliona pia kwamba wakubwa hufidia upungufu huo kwa mbinu rahisi zaidi na matumizi bora ya nyenzo za gemu yenyewe, kwa hiyo usije ukaniambia kwamba umezeeka mno kuweza kucheza. Na ni kweli kwamba michezo yenyewe imebadilika. Ile uliyoijua kama Pro Evolution Soccer inaitwa eFootball tangu 2021, na gemu ya FIFA nayo ikabadili jina mwaka 2023. Leo ukiwasha mashine inaweza kukudai kwanza upakue masasisho yanayomaliza bando la wiki. Ulichokuwa unakitafuta dukani Machi ile hakikuwa kinauzwa.

Nimefurahi kusikia kwamba bado unakwenda Uwanja wa Lake Tanganyika. Hiyo inanionyesha kwamba moyo wako ni mzima na kwamba ni jambo moja tu limepoa. Ikiwa siku moja utaona hata mpira wa uwanjani, chakula na watoto wako havikupi chochote kwa wiki nyingi, usiandikie safu, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ukazungumze na daktari, kwa sababu hilo ni jambo la afya.

Nimebakiza mstari ulioupita haraka kuliko yote. Mkeo, katika miezi ambayo hakuwa na dagaa wala fedha, alikaa karibu na wewe, akaishika pedi ya mashine iliyomlia bati zake, akaomba umfundishe. Ukacheka. Umeandika kwamba unajua hataweza. Nani aliyeweza siku ya kwanza? Wewe mwenyewe mwaka 2006 kuna mtu alikuvumilia mpaka ukajua kukaba. Siku hizi nasoma barua nyingi za wanandoa wanaokaa kochi moja kila mmoja na kioo chake, yeye simu na huyu televisheni, na kila mmoja ananiandikia akilalamika kwamba mwenzake hayupo. Wako alikuja. Alitaka kuingia katika kitu unachokipenda, na hapo ndipo palipokuwa na yule mtu wa pili kwenye benchi uliyekuwa unamtafuta, umemfukuza kwa kicheko, halafu unaniomba nimfundishe yeye akuelewe wewe.

Kwa hiyo hutapata kutoka kwangu maneno ya kumwambia mwanamke huyo anyamaze. Ukubwa jalala, na wewe ndiye mkubwa wa nyumba hiyo. Leo jioni mwombe radhi kwa akiba uliyoitoa bila yeye, bila kuongeza neno “lakini”. Kisha muulize kama mashine iuzwe fedha irudi kwenye bati, au ibaki, na atakalosema lifuatwe, kwa kuwa fedha ilikuwa yake pia. Akisema iuzwe, iuze wiki hii hii kabla bei haijashuka.

Akisema ibaki, izime kwa miezi 3 kama lilivyofungwa ziwa, na fedha ya bando iende kwenye bati. Katika miezi hiyo mtafute mmoja wa wale wa bandani. Sidhani kama wote wamehama Kigoma. Hata kama mmoja yuko Gungu tu, hapo ni nauli ndogo ya bodaboda, na barua yako yote haikutaja kwamba umeonana na yeyote kati yao. Mwalike Jumapili mchana, ale ugali na migebuka kwako, watoto wakiwepo, pedi mbili zikiwa mezani.

Na mkeo akikubali tena kushika pedi, jambo ambalo halina lazima baada ya kicheko kile, mwanzishie pasi fupi, kitufe cha X peke yake kwa siku kadhaa, mambo ya mashuti yasubiri. Atarudisha mpira kwa kipa wake mwenyewe mpaka uingie golini. Siku hiyo, mwanangu, funga mdomo wako, umwonyeshe tena kitufe.