Bibi Dadu Anajibu: Jumatatu asubuhi mchawi wako anafanya nini?

Shikamoo Bibi Dadu. Kikundi chetu kinaanza Mage: The Ascension, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, wa wachawi wa siku hizi, na ndiyo mara yangu ya kwanza kucheza kitu kisicho na mapanga na majoka. Nimeandika historia ya mhusika wangu, kurasa kumi na moja. Anaitwa Azraki. Ni wa mwisho katika ukoo wa kale wa wachawi, wazazi wake waliuawa akiwatazama, hazungumzi na mtu, anarusha moto, anasoma mawazo, anasimamisha muda. Msimulizi wetu, anayetuendeshea mchezo, alizisoma zote akanirudishia na swali moja tu chini ya ukurasa wa mwisho: "Jumatatu asubuhi anafanya nini?" Nimeona ni dharau. Nimekosea wapi?
*Wa Kurasa Kumi na Moja*

Marahaba, mwanangu. Hujadharauliwa. Msimulizi anayesoma kurasa kumi na moja hadi mwisho ni wa kumshika kwa mikono miwili, maana wengi wetu tukifika ukurasa wa tatu tunaanza kutafuta chai.

Azraki namfahamu. Nimekutana naye kwenye meza nyingi akiwa na majina mbalimbali: koti refu jeusi, kovu usoni, hana baba, hana mama, hana hata jirani. Wanaomtunga wanadhani kumwondolea ndugu kunampa uzito. Kumbe wanamnyang'anya msimulizi vishikio vyote. Mtu asiye na wa kumpigia simu utamtisha kwa nini? Atachelewa wapi? Nani atamuuliza ametoka wapi na nguo zinanuka moshi?

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Mhusika mpya katika mchezo huu ana nukta 6 za kugawa kwenye Nyanja tisa za uchawi. Kipimo cha uwezo wake wa kichawi, Arete, huanza na 1. Ukitaka kukipandisha unalipa kwa nukta 15 za ziada anazopewa kila mhusika mpya, nne kwa kila hatua, na huruhusiwi kuanza mchezo ukiwa umevuka 3. Hakuna Nyanja inayoweza kupita Arete yako. Kwa hiyo moto utaupata, mawazo utayagusagusa, lakini kusimamisha muda usahau kwa sasa. Hilo msimulizi angekwambia kwa sentensi moja. Hakukwambia, kwa sababu halikuwa tatizo lako kubwa.

Tatizo ni kwamba umemleta mtu wa mchezo mwingine. Katika Dungeons & Dragons, ule wa mapanga na majoka uliotoka mwaka 1974, mchawi wa matoleo ya zamani hukariri maneno yake, huyatumia, yakaisha, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa dunia ile imejengwa ikimtarajia. Mage ya mwaka 1993 iligeuza meza. Humo dunia ni jinsi ilivyo kwa sababu watu wengi wanaamini iko hivyo. Ukirusha moto kwa kiganja mbele ya watu waliosimama kituo cha basi, unabishana na imani yao wote kwa mpigo, na dunia inakurudishia kofi. Kofi hilo linaitwa Paradoksi, na huja kwa njia nyingi, hakuna hata moja ya kupendeza. Lakini moto ukitoka kwenye waya uliochakaa ukutani, nani atabisha? Nyaya huungua.

Kwa hiyo maisha ya kawaida ya mhusika ndiyo kabati lake la silaha, wala si pambo. Humo ndimo anamochukua vitu vya kufanyia uchawi bila dunia kushtuka.

Ngoja nikuonyeshe wa kwangu. Anaitwa Tabu, ana miaka 41, ni fundi wa lifti, zamu ya usiku. Anaamini kila mashine ina kinyongo, na kwamba mashine nyingi huharibika kwa kukosa wa kuzisikiliza. Huo ndio uchawi wake wote. Hana kitabu cha kale wala fimbo. Ana bisibisi yenye mpini uliozungushiwa utepe mweusi wa umeme, kopo la grisi, na daftari la matengenezo ambamo huandika mistari miwili kila anapomaliza kazi: mmoja wa meneja wa jengo, mmoja wa lifti yenyewe.

Usiku mmoja wanaume wawili walimfuata hadi kwenye jengo la ofisi analolihudumia. Wakaingia lifti ya kushoto. Tabu alikuwa juu, kwenye chumba cha mitambo, mlango wa kabati la umeme uko wazi. Hakurusha chochote. Alichovya kidole gumba kwenye grisi, akakipitisha ukingoni mwa kabati, akagonga bati mara mbili kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Shikilia kidogo, mama." Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Mmoja wa wale waliokuwa ndani akapiga teke mlango na kusema, "Lifti mbovu hii."

Nilifurahi kusikia maneno hayo kuliko kama angepiga magoti. Maana yake dunia imekubali. Na dadu zilikubali pia: kwa Nyanja ya Nguvu (umeme, moto, mwendo) ya nukta 2, jambo linaloonekana la bahati linahitaji 5 au zaidi kwenye dadu ya pande kumi, yaani pande sita kati ya kumi ziko upande wako. Ningefanya uchawi wa wazi mbele ya mashahidi kwa Nyanja ileile, ningehitaji 7, pande nne tu, na Paradoksi ingenisubiri hata nikifaulu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho msimulizi wako anachokutafutia. Kikao kilichofuata hakikuanza na maadui. Kilianza na simu ya meneja wa jengo. "Dada Tabu, hii lifti umesaini kwamba umeihudumia siku nne zilizopita. Imewezaje kukwama?" Nikakaa kimya mezani. Uchawi ulikuwa umefaulu, haukuacha alama, dunia haikupiga kofi, ila umekula jina langu la kazi. Nilitumia saa nzima ya mchezo kutetea ajira ya mwanamke asiyekuwepo, na wenzangu wanne waliacha kula karanga wakasikiliza. Msimulizi hakutunga chochote kipya. Alifungua daftari nililoliandika mwenyewe.

Azraki wako usimtupe. Moto mwachie. Mpe kazi ya kukagua vizimamoto: kila siku anaingia jengo jipya, anapanda ngazi ambazo wengine hawaruhusiwi, anasoma kipimo cha presha, anabandika kibandiko chenye tarehe, anatoka bila mtu kukumbuka sura yake. Mtu anayejua moto utaanzia wapi katika kila jengo la mji huo ananitisha mimi kuliko yatima yeyote mwenye macho mekundu. Na mfufue mama yake, tafadhali. Awe na simu, na tabia ya kupiga wakati mbaya.

Kuhusu neno lenyewe: mezani kwangu hatuwaiti wachawi, tunawaita walioamka, karibu na namna mchezo wenyewe unavyowaita. Mchawi kwa Kiswahili ameshahukumiwa kabla hajafungua mlango, na kuna wachezaji wanaoanza kucheka kwa sauti nzito wakilisikia tu. Ila hilo ni langu, ninyi mnaweza kuendelea.

Bibi Dadu, kwetu nusu ya kikundi imekataa Mage, wanasema nukta ni nyingi mno. Kuna mchezo mwingine wa uchawi wa leo? Mwenzetu mmoja anashikilia Ars Magica.
*Katibu Asiyelipwa*

Mwenzenu ana ladha nzuri, lakini amekosea karne. Ars Magica ya mwaka 1987 ni ya Ulaya ya zama za kati. Shirika lake la wachawi, la Hermes, ndilo lililoazimwa na Mage na kuletwa kwenye zama zetu, kwa hiyo undugu upo, ila simu hakuna.

Jaribuni Unknown Armies, iliyotoka mwaka 1998. Humo nguvu hutokana na jambo ambalo mtu limemtawala hadi hawezi kuliacha. Yupo anayepata uchawi wake kwa ulevi, na akilevuka akiba yake yote ya uchawi imepotea. Hebu fikiria huyo Jumatatu asubuhi. Nawaonya tu kwamba ni mchezo mzito, wa watu wazima, na kabla ya dadu ya kwanza kila mmoja aseme ni mambo gani hataki yaguswe. Sisi tuliruka hatua hiyo mara moja, na mchezaji mmoja hakurudi wiki iliyofuata.

Hujambo Bibi. Je, ni vibaya kumfanya mhusika awe mimi mwenyewe? Kazi yangu, umri wangu, kila kitu, halafu naongeza uchawi. Nimeona ndiyo rahisi.
*Mvivu wa Kutunga*

Sijambo. Si vibaya. Mimi nilifanya hivyo, nami nakwambia ilivyokuwa.

Kabla ya Tabu nilikuwa na mhusika msahihishaji wa maandishi. Kazi hiyohiyo yangu, miwani hiyohiyo, hata kikombe chenye ufa. Uchawi wake ulikuwa kufuta neno kwenye karatasi na jambo lenyewe likafutika. Nilijiona nina akili sana. Vikao vitatu vilikwenda vizuri. Cha nne, msimulizi akiwa hana nia mbaya kabisa, alimfukuza kazi. Barua ya mistari mitano, akaisoma kwa sauti ya mkubwa wa ofisi. Wenzangu wakacheka, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa vizuri, yenye kosa moja la makusudi ili nilisahihishe.

Mimi sikucheka. Ofisini kwangu halisi mwezi ule walikuwa wanapunguza watu. Nilisema nakwenda kunawa mikono, nikakaa bafuni dakika kumi nikihesabu vigae. Msimulizi hakujua, angejuaje? Sikuwa nimeweka hata unene wa karatasi kati yangu na yule mwanamke, kwa hiyo kila kilichompiga kilinipata mimi.

Ukitaka kujitumia, jichukulie kitu kimoja. Mpe hasira zako ukimnyima kazi yako, au mpe kazi umbadilishie umri na nyumba. Nilipomtunga Tabu nilisoma kuhusu lifti wiki nzima: breki, waya za chuma, vizani vinavyopanda chumba kikishuka. Nikamwachia kimoja tu cha kwangu. Baada ya kazi yake yote, yeye hupanda ngazi.